Kitabu cha Babu Hakikuungua

Vårby gård, Stockholm
Jumatatu, 2 Mei 2011

Wifi, kitabu cha Babu hakikuungua! Kipo. Kipo kizima na jalada lake la ngozi, na kamba yake, na lile tundu la mchwa pale pembeni. Hukukichoma wewe. Hukuchoma hata ukurasa wake mmoja. Kilikuwa kwangu, miaka yote hii kumi na miwili.

Haya, nimekwisha kulitoa. Sasa kaa chini, unywe maji, halafu nikusalimie kama mtu mwenye adabu.

Mpendwa wifi yangu Mwavita,

Asalaam aleikum. Ubatizo haukunisahaulisha salamu za nyumbani. Hujambo wewe na mgongo wako? Kaka Assumani hajambo na macho yake? Ndugu yetu Papy alipopita Kigoma alinipigia simu akasema mtoto wa jicho sasa amefunika macho yote mawili, na kwamba barua zote za nyumba hiyo unasoma wewe. Basi hii nayo utamsomea wewe. Nakuomba usiruke mstari. Na kama ukifika mahali ukataka kuitupa, itupe, kisha uiokote umalizie.

Utashangaa kuona jina lako juu ya bahasha. Najua. Miaka yote hii nimemwandikia Kaka, na wewe nimekuweka chini kabisa, "msalimie na wifi", kama mtu anayefunga mlango akitoka. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako wewe mwenyewe, na sababu utaiona.

Huku hatujambo. Baridi imekwisha, theluji imeyeyuka yote, na watu wamekaa nje kwenye mabenchi wanaota jua macho yamefumba. Baudouin anaendesha basi, lile refu linalokunjika katikati kama kiwavi, na hajaligonga hata mara moja, mwambie Kaka. Dieumerci amepita urefu wa baba yake. Nikimwuliza kwa Kiswahili kama amekula, ananijibu kwa Kiswidi, nami namwekea chakula kwa Kiswahili, tunaelewana. Mimi bado niko kazini kwenye nyumba ya wazee. Nimekuwa mkubwa wa zamu, watu sita wananisikiliza. Goti la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, lakini lifti ipo.

Sasa Christelle. Wifi, Christelle anasomea udaktari! Si ule wa sindano. Ni ule wa vitabu, ambao mimi naona ni mgumu zaidi, maana kitabu kikiumwa hakikwambii kinaumwa wapi. Hapa Vårby gård nzima, na Hallunda, na hata kule Rinkeby wanakojifanya kila mtu ana mtoto msomi, hakuna mtoto wa Kikongomani aliyefika pale alipofika yeye. Nasema hivyo kanisani, na anayetaka kununa anune.

Kazi yake nitakueleza nilivyoielewa. Wajerumani na Waarabu wameungana, wasomi kwa wasomi, wanatafuta vitabu vya zamani vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na watu ambao si Waarabu. Wajerumani wana mashine za kupiga picha, wana makabati, na wana subira ya kuhesabu kila kitu. Waarabu wana usomaji, na masheikh waliowasomesha, na masheikh waliowasomesha hao masheikh. Wajerumani peke yao hawafiki, na Waarabu peke yao hawafiki, kwa hiyo wanavumiliana. Na katikati yao, kwa upande wa Kiswahili, amekaa mtoto niliyemvusha ziwa kutoka Uvira akiwa na viatu vya plastiki.

Watu huniuliza amepata wapi moyo wa herufi zile. Kwa muda mrefu nilijibu kwamba ni kwetu, ni damu ya Babu Feruzi. Mara nyingine nikasema ni majirani wetu wa chini, watu wa Iraki. Ukweli unaujua wewe. Alifu na be za kwanza alizipata barazani kwako, kwenye mkeka wako, miaka ile miwili na zaidi tuliyokaa kwenu Ujiji baada ya kukimbia vita. Alikuwa mtoto wa Kikristo, na wewe hukumbagua. Ulimpa ubao kama wengine.

Basi mwaka juzi Christelle alikuja hapa nyumbani kutafuta gauni lake la ubatizo, akafungua valizi langu lile la kahawia. Chini ya vitenge akakuta kitabu. Akatoka nacho ameshika kwa mikono miwili. "Mama, hiki nini?" Nikasema ni kitabu cha babu yangu, nilipewa na mjomba wako. Nilikuwa nakaanga vitunguu, sikugeuka hata kumtazama.

Akapiga picha kurasa chache, akampelekea mwalimu wake, mwalimu akapeleka Ujerumani, Ujerumani wakapeleka Misri. Ndani ya miezi mitatu walikuwa wanaandikiana kuhusu Babu Feruzi kama vile ni sultani.

Mwezi wa tatu mwaka huu wakaja Stockholm kwa mkutano wao, na Jumapili Christelle akaniletea wawili nyumbani. Maprofesa, wifi, kwenye sofa yangu! Nilianza kupika Ijumaa. Sombe ya majani ya muhogo, wali, kuku, na migebuka mikavu niliyoitafuta mpaka Rinkeby kwa mama mmoja wa Burundi. Mama Josiane wa Hallunda, tunayesali naye, akaja eti kuazima sufuria. Ana sufuria kumi na mbili yule. Nikamwacha asimame mlangoni awaone vizuri.

Mmoja ni Dokta Annegret, Mjerumani, mwanamke mrefu wa makamo mwenye viatu vya kupandia mlima. Kiswahili alijifunzia Unguja, anakisema kimenyooka kama taarifa ya habari. Wa pili ni Profesa Hakim wa Kairo, mfupi, mcheshi, ndiyo kwanza ametoka kwao ambako mitaa ilikuwa imejaa watu. Kiswahili hajui hata neno moja, lakini herufi za Babu anazisoma kama maji.

Dokta akavaa glavu, akatoa rula. Akapima urefu wa kitabu, upana, unene. Akahesabu matundu ya mchwa. Akahesabu kurasa, akapoteza hesabu kwa sababu Dieumerci alipita na redio, akaanza upya. Profesa amekaa mikono mapajani, anangoja. Mwishowe akasema neno, Christelle akanitafsiria huku anajizuia kucheka:

"Mwulizeni Dokta, anasoma kitabu au anakipimia suruali?"

Dokta hakuinua kichwa. "Profesa akianza kusoma kabla sijamaliza kuhesabu, jioni tutakuwa na hadithi nzuri na kurasa zilizopotea."

Nikawaambia kitabu kimengoja miaka mia, kitangoja tena, migebuka ndiyo inapoa. Hilo wote walilikubali.

Walipoanza kusoma ndipo ungecheka. Profesa anatoa sauti, haelewi anachosema. Dokta anaelewa sarufi, anaandika, lakini kuna maneno hayajui. Na mimi niko jikoni nasikia kila kitu. Wakafika kwenye orodha moja ambayo kwa mwaka mzima walikuwa wameshika kwamba ni majina ya watu wakubwa wa kando ya ziwa. Profesa anayataja kwa heshima, moja moja. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Wee Profesa, hao si machifu, hao ni samaki! Huyo ni kuhe, huyo sangala, na huyo wa mwisho mgebuka, yuko kwenye sahani yako!"

Dokta akaweka kalamu chini, akawa mwekundu mpaka masikioni. Profesa, baada ya Christelle kumtafsiria, akaitazama sahani yake, akaweka mkono kifuani, akamwinamia samaki: "Asalaam aleikum, ya sultani." Tulicheka mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Kuanzia hapo sikurudi jikoni. Nilikalishwa katikati, wifi, mimi niliyeishia darasa la sita. Huku Mwarabu anasoma, huku Mjerumani anaandika, na neno likikwama wote wawili wananigeukia: "Mama?" Nami natoa neno. Kwa siku tatu walikuja hivyo. Waliniandika jina kwenye karatasi zao, Christelle amenionyesha.

Na unajua kitabu chenyewe ni nini? Sisi tulikuwa tunajua ni kitabu cha Babu tu, kinafunguliwa siku ya hitima, kinafukizwa udi, kinafungwa. Kumbe wakati wa Mdachi, hao hao Wajerumani, kuna Mdachi mmoja wa boma la Ujiji alikuwa anakuja kwa Babu kujifunza. Walikaa pamoja wakaandika samaki, miti, maradhi, na namna ya kumpelekea mtu rambirambi. Babu ameandika kwa wino upande wa kulia, Mdachi ameandika kwa penseli upande wa kushoto. Na pale Mdachi alipokosea, Babu amekata mstari, akaandika "siyo hivyo". Kurasa zote zimejaa "siyo hivyo". Dokta Annegret alisema yeye pia amesikia neno hilo mara nyingi tangu Jumapili.

Sasa nafika kwenye jambo lililonivunja.

Siku ya tatu walifika ukurasa wa mwisho. Babu alisomeshwa na sheikh wa Kiarabu pale Ujiji, akashika desturi yao. Kitabu kikiisha kuandikwa, husomwa chote mbele ya watu, na waliokisikia huandikwa majina mwishoni, ili kesho mtu asije akasema amesikia asichokisikia. Profesa akasoma majina, fulani bin fulani, fulani bin fulani, tisa. Kisha akasoma jina la kumi polepole, maana alikuwa anatafuta mwisho wake. Nikamsaidia neno kwa neno. Ilisema hivi: "Na Tausi binti Juma, isipokuwa kurasa mbili, kwa kuwa alikwenda kuteka maji."

Bibi Tausi ndiye bibi yetu, mimi na Kaka. Mke wa Babu mwenyewe. Na Babu hakumwandikia kwamba amesikia chote, kwa sababu hakusikia chote.

Profesa Hakim alivua miwani, mwanaume mzima akalia. Alisema ameona maandishi ya namna hiyo kwenye vitabu vya Kairo na Damasko, vya mamia ya miaka, lakini hakutegemea kuyakuta ziwani kwetu, na ndoo ya maji ndani yake. Dokta Annegret alichukua rula akaupima ule ukurasa mara ya pili, ingawa alikwisha kuupima.

Halafu Dokta akatoa fomu yake, yenye vyumba vya kujaza. Kitabu kimetoka kwa nani, lini, kwa njia gani. Profesa naye akasema kwao hakuna fomu, kwao mtu hutaja kwa mdomo: nimepokea kwa fulani, naye alipokea kwa fulani, mpaka kwa mwenyewe. Asubuhi hiyo walikuwa wamebishana saa nzima njia ipi ni bora, fomu au mdomo. Na sasa wote wawili wakanigeukia na swali lile lile.

Nikasema, "Kaka yangu Assumani alinikabidhi mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, siku ninaondoka Ujiji."

Huo mkono wa kulia niliuongeza tu. Hakuna aliyeniuliza mkono.

Dokta akaandika. Profesa akainua mikono akamwombea Kaka dua kwa ukarimu wake, dua ndefu. Nami nikaitikia amina. Wifi, niliitikia.

Sasa nisikilize, na Kaka asikilize. Unakumbuka ile Jumanne ya mwezi wa pili, mwaka tisini na tisa. Tulikuwa na miadi Kigoma mjini na wale wanaotuhoji kwa safari ya Ulaya. Walitwambia tulete karatasi yoyote inayoonyesha sisi ni nani, watoto wa nani, tunatoka wapi. Karatasi zetu zote zilibaki Uvira ndani ya nyumba inayowaka. Mimi nikafikiri moyoni: kipo kitabu chenye jina la babu yangu na la bibi yangu, ushahidi gani unapita huo? Kwa Kaka sikuweza kuomba. Alikwisha kusema kitabu hakivuki kizingiti, na mimi niliyebatizwa sikigusi. Basi asubuhi, Kaka yuko sokoni, wewe unaanika nguo, nikafungua kasha nikakitoa kwenye kitambaa chake, nikakitia kwenye mkoba. Niliapa kwamba kabla ya Alasiri kitakuwa kimerudi.

Yule mama wa kutuhoji hakukifungua hata kidogo. Nilikiweka mezani, akakisukuma kwa kidole, akasema, "Hiki weka, mama, nipe tarehe ya kuzaliwa."

Niliporudi nyumbani ulikuwa umekaa chini uani, mikono yote miwili ndani ya majivu. Kaka alikuwa amekwambia wiki ile uchome makaratasi yaliyoliwa na mchwa, nawe ulichoma asubuhi ile ile. Kisha akafungua kasha akakuta kitambaa kitupu. Ulikuwa unachambua majivu kwa vidole na kusema, "Labda ni mimi. Labda nilikichanganya. Labda ni mimi." Na mimi nimesimama mbele yako na mkoba begani, na kitabu kimo ndani ya mkoba.

Kaka akaniuliza, "Mwanaidi, umeona nini?"

Nikajibu, "Nimemwona asubuhi akichoma karatasi."

Lilikuwa neno la kweli. Nimelishika kwa miaka yote hii nikijiambia kwamba sikusema uongo. Lakini nilijua linakwenda kufanya kazi gani, na nikaliacha likafanya.

Niliogopa atatufukuza, na jibu la safari halijatoka. Hiyo ndiyo sababu, na naiandika bila kuipamba. Kesho yake nikaogopa zaidi. Wiki ya pili ikawa ni aibu. Na mwezi wa tatu nikapanda ndege. Baudouin alikiona tulipofika hapa, nikipanga nguo. Aliniambia mara moja tu, "Rudisha," na hakusema tena, lakini kila ninapofungua lile valizi huwa anatoka chumbani.

Yaliyokupata nayajua, maana Papy aliniambia, na sikumwuliza mara ya pili. Watoto kumi na wanane wa chuo chako cha Kurani walitolewa mmoja mmoja. Mama Mwamvua wa nyumba ya tatu ndiye alianza: atampaje mwanawe mwalimu anayewashia jiko vitabu? Akakupa na jina, Mama Kiberiti, na mtaa mzima ukalipokea. Ukaingia kwenye vitumbua, wewe uliyehitimu msahafu mara tatu. Ufunguo wa kasha ukatolewa kiunoni mwako.

Na mimi pia nilikuita hivyo. Mwaka 2004 nilipiga simu Iddi, nikamwuliza Kaka, "Mama Kiberiti hajambo?" Nikakusikia nyuma yake unajibu mwenyewe, unacheka, "Hajambo, anakaanga." Sijui kama unakumbuka. Mimi sauti ile naisikia ninapofua, ninapopanda treni, mahali popote.

Nilimweleza Christelle siku ya Pasaka, baada ya ibada. Hapo kabla karatasi za kuchapisha zilikuwa tayari, na kwenye ukurasa wa kwanza wameandika shukrani kwa Bi. Madeleine, ndiyo mimi kwa jina la ubatizo, aliyekabidhiwa na kaka yake. Nilikuwa nimewaonyesha kanisa zima! Mama Josiane nilimwonyesha mara mbili. Lakini kila nilipolitazama jina langu nilimwona Bibi Tausi na ndoo yake, ananyimwa kurasa mbili na mumewe mwenyewe, na mimi nimejiandikia kitabu kizima.

Christelle alinisikiliza mpaka mwisho. Akanijibu kwa Kiswidi, kwa upole, kama anazungumza na mtu wa ofisini. Kisha, nafikiri alitaka niumie vizuri, akarudia kwa Kiswahili: "Mama, mwalimu wangu wa kwanza wewe ndiye ulimfungia chuo." Siku nne hakuja. Siku ya tano alikuja na simu, amekwisha kumpigia Dokta Annegret, akanipa nizungumze mwenyewe.

Dokta hakunigombeza. Aliniuliza tena maswali yake yale yale, kutoka kwa nani, lini, kwa njia gani, na safari hii nilijibu. Nikasikia penseli inafuta. Amesimamisha uchapishaji. Amesema kitabu ni cha nyumba ya Ujiji, na nyumba ya Ujiji ndiyo itakayosema kama kitachapwa au hakitachapwa. Profesa Hakim yeye alituma neno moja kupitia Christelle, kwamba ile dua ya Kaka haikupotea, ila anaomba aelezwe aielekeze kwa nani mwingine katika nyumba ile. Nikamtajia jina lako.

Sitakuficha, nusu ya kazi ya Christelle imekaa juu ya kitabu hiki. Mkikataa, atalazimika kuanza karibu upya. Lakini msikubali kwa ajili ya kumhurumia yeye, na kwa ajili yangu mimi ndiyo kabisa msikubali. Amesema mwenyewe nikuandikie hivyo. Mkisema hapana, kitabu kinarudi kwenye kitambaa chake na ufunguo unarudi kiunoni mwako, na mambo yatakwisha hapo.

Vyovyote mtakavyosema, kitabu kinakuja. Nakileta mwenyewe, kwenye mkoba, mapajani, sikitii kwenye mizigo. Christelle anakuja, na Dokta na rula yake, na Profesa kwao kukitulia. Wameomba jambo moja, na hili waliliafikiana bila kubishana, nami nilishangaa. Wanataka kitabu kisomwe chote pale pale Ujiji, mbele ya wenyewe, kama Babu alivyofanya, na watakaosikia waandikwe majina. Profesa alisema yeye asisome, asome mtu wa nyumba anayezijua herufi. Aliniuliza yupo? Nikamwambia yupo mmoja, na hakuna mwingine.

Msomaji ni wewe, wifi. Barazani kwako, kwenye mkeka wako. Nimemwomba Papy apite mtaani awaite wazazi wa wale watoto kumi na wanane, na Mama Mwamvua awe mstari wa mbele. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza nitasimama mimi, niseme haya niliyoandika humu, yote, kwa sauti, nianzie kwenye mkoba. Ukitaka nisikanyage baraza, nitasema nikiwa barabarani. Kaka akitaka kunifukuza, anifukuze baada ya kusema.

Sijakuomba unisamehe. Nimeanza sentensi hiyo mara tatu nikaikata. Nitakuomba uso kwa uso, na ukininyima nitakuwa nimekuja kwa jambo lingine lenye haki yake.

Nisalimie Kaka Assumani, mwambie Mwanaidi anamshika miguu. Nisalimie Papy na watoto wote wa nyumba. Mama Mwamvua nitamsalimia mwenyewe nikifika. Baudouin na Dieumerci wanawasalimu. Christelle anakuamkia, na chini ya barua hii ameandika jina lako kwa herufi ulizomfundisha, angalia kama amekosea, umwandikie "siyo hivyo". Mungu akulindie mgongo wako na macho yako, maana siku hiyo macho ya nyumba nzima ni yako.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda na niliyekukosea,

Madeleine, ambaye hapo nyumbani ni Mwanaidi binti Ramazani

Jambo moja tena. Kusoma kutachukua Alasiri yote na watu watataka chai, na najua wewe ndiye utakayeinuka. Usiinuke. Maji ya siku hiyo nitateka mimi. Na mwishoni, mkiandika majina, langu liandikwe kama lilivyo: Mwanaidi, isipokuwa kurasa mbili, kwa kuwa alikwenda kuteka maji.

Waje wote. Jumamosi, tarehe 16 Julai.